Bei ya Pili ya Passo

Nimechoka kusikia kwamba Passo ni gari bovu. Nimechoka zaidi kusikia kwamba Passo haina gharama. Kauli hizi mbili hutoka mara nyingi kwenye mdomo uleule. Ya pili mtu huisema siku anayotaka kununua. Ya kwanza huisema miaka miwili baadaye, akiwa amekaa juu ya tairi chini ya mwembe, Kihonda, akimsubiri fundi atoke uvunguni. Kati ya siku hizo mbili gari halikubadilika tabia. Lilifanya kile ambacho kila chuma na kila mpira hufanya ukivitumia bila kuvirudishia chochote.

Naandika kama mtu mwenye maslahi. Nina Passo ya mwaka 2006, injini ya cc 996 yenye silinda tatu, rangi ya fedha iliyoanza kupauka kwenye boneti. Nilihitimu SUA, ajira haikuja, nikaingia kwenye biashara ya mboga. Jumanne na Ijumaa alfajiri natoka mjini, nakunja kushoto pale Sangasanga kuelekea Mlali, kisha napanda Mgeta kuchukua karoti, njegere na, msimu ukiruhusu, stroberi za wateja wangu wa Forest na Kilakala. Huu ni mwaka wa tano. Watu huniuliza kama Passo inapanda mlima ule. Inapanda. Swali la kushuka hakuna anayeliuliza, nami nitalirudia.

Tuanze na sababu ya gari hili kupatikana kwa bei ile. Japani, gari jipya la binafsi hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo, wenyewe wanauita shaken, una ada, kodi na bima ndani yake, na gari lisilofaulu haliruhusiwi barabarani. Likishazeeka, matengenezo ya kulifaulisha huanza kukaribia thamani yake, na mwenye nalo huona heri aliuze. Mnada, meli, Dar es Salaam. Kwa hiyo tunaponunua Passo tunanunua gari ambalo mtu mwingine amepiga hesabu ya matengenezo yake yajayo, akaikimbia. Si siri na si dhambi; bila hesabu hiyo mimi nisingekuwa na gari. Lakini anayeniambia kwamba gari hilo halina gharama anataka niamini kuwa gharama zilizomkimbiza Mjapani zilizama Bahari ya Hindi zikiwa njiani.

Na kuna kitu ambacho meli haikibebi, nacho ni ule ukaguzi wenyewe. Huko lilikotoka, gari lilikuwa na tarehe ambayo ni lazima litazamwe, mwenyewe apende asipende, awe na hela asiwe nayo. Sisi tunapokea mwili, nidhamu tunaiacha mnadani.

Bandarini serikali huuliza umri. Gari lililozidi miaka 10 tangu kutengenezwa hutozwa asilimia 30 kwa uzee wake, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Injini isiyozidi cc 1000 husamehewa ule ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini, ndiyo maana 996 ni namba tamu. Wakenya hawapokei gari lililozidi miaka 8. Waganda tangu 2018 wameweka ukomo wa miaka 15. Sisi tunapokea, tunatoza. Sitaki marufuku: ingekuwepo, leo ningekuwa nashuka Mgeta juu ya kabichi nyuma ya Fuso. Ninachokipigia kelele ni kwamba umri wa gari unaulizwa siku moja tu, siku ya kulipia. Baada ya hapo unafutika, na kinachobaki ni namba.

Namba, msomaji, ndiyo ulaghai mkubwa kuliko wote kwenye biashara hii. “Passo namba E, safi kabisa, haijawahi kuguswa, ingia uendeshe.” Herufi ile inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Passo iliyotoka kiwandani mwaka 2005 na kushuka Dar miaka mingi baadaye inapata namba mpya kama mtoto aliyezaliwa jana, na itauzwa ghali kuliko pacha wake mwenye namba C ambaye huenda mmiliki wake amemtunza kama yai. Tunaongeza milioni kwa ajili ya herufi moja ya kibati. Tukimaliza herufi tunachungulia kilometa kwenye dashibodi, kana kwamba namba za kielektroniki hazichezewi. Na hata zikiwa za kweli, mpira hauhesabu kilometa. Bushi, mabomba ya maji, sili za oili na mipira ya shafti huzeeka gari likiwa limeegeshwa kivulini.

Nina daftari. Kabla sijanunua, baba yangu mdogo, aliyeanza kama utingo akaja kuwa dereva wa malori ya Zambia, aliniambia kwa simu: “Mwanangu, gari halinunuliwi na hela yote.” Nikatenga milioni moja na nusu pembeni. Mwezi wa kwanza, kabla gari halijaniletea hata karoti moja, ukurasa wa mbele wa daftari ulijaa hivi: tairi nne 440,000, betri 160,000, shokapu mbili za mbele 180,000, bushi na boljointi 140,000, pedi na mafuta ya breki 75,000, oili ya injini na filta 70,000, oili ya giaboksi 80,000, plagi tatu 60,000, kulanti 40,000, ufundi 95,000. Jumla 1,340,000. Ongeza bima ndogo, 118,000. Zilibaki 42,000, nikajaza mafuta.

Hiyo ndiyo bei ya pili. Haikuwa ajali wala mkosi, na muuzaji hakuniibia. Gari lilikuwa zuri, na bado ninalo. Kila lililoandikwa kwenye ukurasa ule lilikuwa limefikia umri wake. Ningeweza kuyaacha yote kumi na gari lingetembea, tena vizuri tu, kwa miezi kadhaa, nami ningepita nikiwaambia watu kwamba Passo haina gharama.

Tangu hapo, ukiondoa petroli ambayo bei yake kikomo EWURA huitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, gari linaniomba kati ya laki nane na milioni moja na laki mbili kwa mwaka. Si kidogo. Lakini halijawahi kuniomba milioni mbili kwa siku moja, na wanaolikimbia ni wale walioombwa hivyo.

Chukua mtetemo. Injini ya silinda tatu hutikisika kwa maumbile yake ikiwa imesimama. Kinachofanya usiuhisi sana ni mauntingi, ile mipira inayoishikilia. Mpira ukichoka, kwenye foleni ya Msamvu usukani utatetemeka kama mgonjwa wa malaria, na jirani yako kwenye dirisha la bajaji atakupa pole kwamba injini imekufa. Haijafa. Wangapi wameuza Passo kwa bei ya kutupa kwa sababu ya mpira? Au chukua cheni. Wauzaji husifia kwamba injini hii haina mkanda wa taimingi, ina cheni, na cheni haikatiki. Hawasemi kwamba cheni inaishi kwa oili ileile ya injini, na oili yenyewe ni kama lita tatu tu. Ukiipeleka kilometa elfu kumi na tano kwa oili ya kupimiwa kwenye dumu lisilo na jina, cheni italegea, itaanza kupiga kelele asubuhi, na lawama zitakwenda Japani.

Sasa thermostati, maana hapa ndipo ninapogombana na watu. Mwaka wa pili gari lilianza kupandisha joto kwenye mlima. Nikalipeleka kwa fundi, akafungua, akakishika kile kidude kiganjani kama mtu aliyemkamata mwizi. “Dada, hii kitu ni ya nchi za baridi. Tuitoe, gari ipumue.” Nikamwambia anifungie mpya. Akacheka, akamwambia kijana wake, “Wasomi bwana,” kisha akafunga mpya.

Nchi za baridi! Maji ya injini yanatakiwa yafike nyuzi joto 80 na ushei, iwe Morogoro, iwe Hokkaido. Thermostati huziba njia ya kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake, kisha hufungua. Ikiganda imeziba, injini huchemka, na dawa yake ni kuibadilisha. Ukiitoa kabisa, injini inakawia kupata moto, kompyuta inadhani bado ni alfajiri, inaongeza petroli, nawe unakwenda kijiweni kusimulia kwamba Passo siku hizi inakula mafuta. Halafu unaendelea kujazia maji ya bomba badala ya kulanti, maji yanaleta kutu na magamba, yanaila pampu, yanaziba rejeta, mpaka siku inachemka kwelikweli. Injini ile ni ya alumini. Ikichemka sana mara moja tu, silinda hedi inapinda, gasketi inaungua, maji yanachanganyika na oili, na hapo utasikia ile sentensi: “Tutafute injini nyingine.” Kutoka kidude cha kiganja hadi injini ya mtumba kutoka Dar.

Simchukii fundi. Kazi ameijifunza kwa kutazama, na mteja wake wa kawaida amekuja na elfu ishirini akitaka afike nyumbani leo. Fundi huuza kile ambacho mteja ananunua, na mteja ananunua kufika leo. Ndiyo maana plagi hubadilishwa moja badala ya tatu. Ndiyo maana taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi kuna anayelipa izimwe, si kitengenezwe kilichoiwasha. Ndiyo maana gari likigusa chini kwenye mawe ya Mlali tunaweka spesa kulinyanyua, bila kuuliza shafti zitakaa vipi. Zinakaa zimejikunja, mipira yake inachanika, grisi inatoka, mchanga unaingia, na miezi sita baadaye kila ukikata kona unasikia ka-ka-ka-ka. “Usipoziba ufa utajenga ukuta” tuliiandika kwenye mitihani tangu shule ya msingi tukapewa alama zetu. Nadhani tulidhani inahusu nyumba.

Nilisema nitarudi kwenye kushuka.

Kutoka Nyandira kupitia Langali kuja Mlali, mlima unakurudishia kila ulichoupa wakati wa kupanda. Passo tupu ina uzito wa kama kilo 900. Weka watu wanne, viroba vya karoti nyuma, kreti za stroberi mapajani, kisha uteremshe uzito huo wote kwenye vumbi, kona baada ya kona, mkono wa gia ukiwa kwenye D. Gari la otomatiki kwenye D halikuzuii. Linateleza, na kazi yote inabaki kwa breki: diski mbili mbele, dramu mbili nyuma. Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto. Chini ya D kuna gia za chini, zimeandikwa pale kwenye gari la kila mmoja wetu, na zimewekwa kwa ajili ya milima kama hii, ili injini ishike mzigo. Nimewauliza madereva wengi wa Passo, Vitz na IST hapa mjini mara ya mwisho kuzitumia ni lini. Wengi hawajawahi. Mmoja aliniambia anaogopa kuharibu giaboksi.

Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewani, mwaka hadi mwaka, na kadiri yanavyozidi kuwa na maji ndivyo yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Yakichemka hutengeneza mapovu. Mapovu hayasukumi kitu. Unakanyaga, pedali inazama.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ni mwalimu huko juu milimani. Alinunua Passo namba D kwa mkopo wa SACCOS, na mkopo wote ukaishia kwa muuzaji. Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama kahawa, nilimwonyesha. Pedi zilikuwa zinalia, na yeye alizisikia kuliko mtu yeyote. Akasema mwisho wa mwezi. Alikuwa na sababu: mtoto alikuwa anaanza kidato cha kwanza, na mwisho wa mwezi huwa haupo mbali. Jumamosi moja, akishuka na mke wake, mtoto wao mdogo na bibi wa jirani waliyekuwa wanampeleka hospitali kwa macho, pedali ilizama. Upande wa kulia kulikuwa na bonde. Akalielekeza gari kushoto, kwenye ukuta wa mlima. Bibi alivunjika mkono. Mtoto alitoka na mchubuko wa paji la uso. Gari lilinunuliwa kwa 1,200,000 na watu wa spea, wakalikata; milango yake iko kwenye gari la mtu mwingine sasa hivi, labda nimeipita Msamvu. Makato kwenye mshahara yamebakiza miezi 22. Kila tarehe ya mshahara kaka yangu hulipia gari ambalo halipo.

Siku tuliyokwenda kumpa pole, mzee mmoja alitikisa kichwa akasema, “Visigari hivi vibovu sana.” Watu wakaitikia. Chupa ya mafuta ya breki haifiki shilingi elfu kumi na tano.

Najua nitakavyojibiwa, maana nimeshajibiwa uso kwa uso: haya ni maneno ya wenye hela. Kijana mwenye milioni saba aliyoihangaikia miaka mitatu atatoa wapi milioni na nusu ya kuweka pembeni? Ataitoa kwenye ile saba. Atanunua gari la milioni tano na nusu, namba C, rangi imepauka, na atakuwa na gari. Anayemaliza saba yote kwa muuzaji amenunua robo tatu ya gari, robo iliyobaki anaidaiwa na mlima. Mwenye hela ndiye anayeweza kumudu kupuuza. Likimfia anapanda jingine. Wewe na mimi hatuna jingine, na gari letu likisimama biashara inasimama, stroberi zinaoza, makato hayasimami.

Wala si kijana peke yake. Wanaokopesha magari hukopesha bei ya kwanza tu. Mkopaji anakabidhiwa funguo akiwa hana hata senti ya oili, kisha wanashangaa rejesho linapokwama. Wangeweza kuzuia sehemu ya mkopo na kuilipa gereji moja kwa moja, mwezi wa kwanza. Vyuo vya udereva humfundisha mtu gari la gia za kawaida, anahitimu, anakwenda kununua otomatiki, na hakuna aliyemwambia gia zilizo chini ya D ni za nini. Wauzaji waandike mwaka wa kutengenezwa kwa herufi kubwa kuliko namba. Mwaka 2017 serikali iliondoa ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, ikaihamishia kwenye mafuta. Siililii, lakini ilikuwa moja ya tarehe chache za mwaka ambazo mtu alilazimika kufikiria gari lake, na hakuna kilichokuja kukaa mahali pake.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa SUA, mdogo wangu kwa kozi, alinitumia picha: Passo namba E, nyeupe, inang'aa, milioni 11 na nusu. Ana milioni 11 na laki nane. Anataka ushauri. Nikamwandikia aulize mwaka, achomoe kijiti cha oili akiangalie, afungue kifuniko cha mafuta ya breki atazame rangi, awashe injini ikiwa ya baridi na asikilize, kisha aachane nalo atafute namba C ya milioni saba abaki na hela. Akajibu baada ya saa nzima: “Dada, namba C si nitaonekana nimefulia?”

Nimemwambia Ijumaa aje tupande wote Mgeta, kiti cha mbele kiko wazi. Kushuka atashika usukani yeye.